Mtoto anapopinda viungo: si laana, wala si kosa la mama

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, aliyemuumba mwanadamu kutokana na tone la maji, kisha akamjengea mifupa na kuivika mifupa hiyo nyama. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, leo tutayazungumzia maradhi ambayo wengi wetu hatujapata kuyasikia, na huenda tusiyaone kamwe maishani mwetu. Ni maradhi adimu yanayoimomonyoa mifupa ya mtoto mmoja mmoja, hasa ya mikono na miguu, hata vidole vikapinda, viganja vikafupika na viungo vikakakamaa. Kwa uchache wake mtu anaweza kuuliza: kuna haja gani ya kuupa ukurasa wa Ijumaa maradhi ambayo dunia nzima inajua familia chache tu zilizopatwa nayo?

Haja ipo. Namna maradhi haya yanavyoingia nyumbani ndiyo ile ile yanavyoingia maradhi mengine mengi tunayoyajua vizuri, na lawama anazobebeshwa mama wa mtoto huyu ndizo wanazobebeshwa akina mama wengi wenye watoto walemavu. Anayeelewa habari ya mtoto huyu mmoja atakuwa ameelewa habari ya maelfu.

Mfupa ni jengo lisilokoma kujengwa

Mtu mzima ana mifupa 206. Mkono mmoja, kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na kati ya hiyo 8 ni vijifupa vidogo vya kifundo, vilivyopangwa kwa ustadi hata mkono ukaweza kugeuka, kushika, kuandika na kushona. Katika Suratul Qiyama (75), aya ya 3 na ya 4, Mwenyezi Mungu anamkabili mwenye kukanusha ufufuo kwa kumtajia mifupa yake, kisha anazitaja ncha za vidole na uwezo Wake wa kuzisawazisha. Anayejua kazi ya vijifupa hivyo haoni ajabu kwamba vidole vimetajwa mahali pazito kama hapo.

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu mfano wa jiwe. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai, chenye damu na seli zinazofanya kazi usiku na mchana. Zimo seli zinazobomoa mfupa uliochakaa, na zimo seli zinazojenga mpya mahali pake. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa yote hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Afya ya mfupa imesimama juu ya mizani hii: ubomoaji usizidi ujenzi. Mizani inapoharibika kwa mzee, mifupa huwa mepesi. Inapoharibika kwa mtoto ambaye bado anakua, madhara yake huwa makubwa zaidi, kwa kuwa jengo linabomoka kabla halijakamilika.

Maradhi yenyewe

Madaktari huyaita maradhi haya kwa kifupi MONA, jina lililotokana na herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kumomonyoka kwa mifupa sehemu nyingi, vinundu na ugonjwa wa viungo. Aghalabu mtoto huzaliwa akionekana mzima kabisa. Dalili huanza mara nyingi baina ya umri wa miezi 6 na miaka 6. Mikono na miguu huvimba na kuuma, na chini ya ngozi ya viganja na nyayo huota vinundu vigumu. Ikipigwa picha ya eksirei, vile vijifupa vya kifundo huonekana kama vilivyoliwa kingo, na baada ya miaka baadhi yake huwa vimetoweka.

Mfupa ukitoweka, misuli na mishipa iliyoshikana nao hukosa pa kujishikiza. Vidole hupinda, mkono hukunjamana, miguu hubadilika umbo. Baadaye maradhi hupanda kwenye viwiko, magoti, mabega na nyonga, na mifupa ya mwili mzima hupungua uzito hata ikavunjika kwa kishindo kidogo. Baadhi ya watoto hubadilika sura ya uso, na baadhi huzaliwa na kasoro za moyo.

Jambo moja halibadiliki, nalo ni akili. Mtoto huyu huelewa kama wenzake, hukumbuka kama wenzake, na husikia yote yanayosemwa juu yake na juu ya mama yake.

Kwa kuwa mwanzo wake ni uvimbe na maumivu ya viungo, maradhi haya mara nyingi hudhaniwa kuwa ni baridi yabisi ya watoto. Mtoto hupewa dawa za baridi yabisi kwa miaka bila ya nafuu ya kuridhisha. Baadhi ya dawa hizo, hasa za jamii ya steroidi, zikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza nguvu ya mifupa ambayo tayari ni dhaifu. Hivyo kuyatambua mapema kuna faida hata kama hayana tiba ya kuyaondoa, kwani huwaepusha wazazi na safari za bure na humwepusha mtoto na dawa zisizomfaa.

Yaliyogunduliwa Riyadh

Mwaka 1969 madaktari wawili nchini Marekani, Joseph Torg na Patricia Winchester, kila mmoja na wenzake, waliandika habari za watoto waliokuwa wakipoteza mifupa ya mikono na miguu. Watoto wa Winchester walikuwa ndugu wawili wa kike, na wazazi wao walikuwa binamu. Kwa miaka 30 baada ya hapo sababu haikujulikana.

Mwaka 2000 madaktari wa Riyadh, Saudi Arabia, walichapisha taarifa za watoto wa familia za Kisaudi wenye hali ya namna hiyo. Miongoni mwao ni Aida Al-Aqeel na Sulaiman Al-Mayouf. Wazazi wa watoto hao walikuwa jamaa wa damu. Mwaka uliofuata, 2001, watafiti wa Riyadh wakishirikiana na John Martignetti wa New York walitangaza kuwa wamepata chanzo: jeni iitwayo MMP2, iliyomo katika kromosomu ya 16, ilikuwa imeharibika. Jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachokata na kusafisha nyuzi zinazoshikilia seli za mwili. Kwa watoto wale kimeng'enya hicho hakikufanya kazi hata kidogo.

Hapa wanasayansi walikutana na jambo la kustaajabisha. Ikiwa kazi ya kimeng'enya ni kukata na kubomoa, basi kikikosekana ingetarajiwa mwili uwe na ziada. Imekuwaje mifupa ndiyo ipotee? Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa panya waliokosa jeni hiyo, na ikaonekana kwamba seli zinazojenga mfupa na zinazobomoa zote zilikuwa pungufu tangu mapema, na mifupa yao ikawa na upungufu wa madini. Kumbe kile kilichodhaniwa kuwa ni mbomoaji tu, ujenzi nao unakitegemea. Mwaka 2012 wale ndugu wawili wa mwaka 1969 nao walijulikana tatizo lao: jeni nyingine, MMP14, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kukiamsha kile kimeng'enya cha kwanza.

Tusidhani kuwa haya ni maradhi ya Waarabu. Yameonekana pia India, Uturuki na kwingineko. Yanafuata damu, hayachagui taifa.

Hesabu ya urithi

Ili tuelewe namna yanavyoingia nyumbani, tukumbuke kwamba kila mtu ana jeni zake kwa jozi: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja iliyoharibika na moja nzima haugui, kwa kuwa ile nzima inatosha kufanya kazi. Yeye huitwa mbebaji. Huishi, akazeeka na akafa bila ya kujua kuwa alibeba kitu. Mtoto huugua pale tu anapopokea nakala mbovu kutoka kwa baba na nakala mbovu nyingine kutoka kwa mama.

Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kutoka mtoto mgonjwa, mbili katika nne za kutoka mbebaji asiyeugua, na moja katika nne ya kutoka mtoto asiye na chochote. Wapo wazazi wanaodhani kwamba wakishapata mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watasalimika. Hesabu haiko hivyo. Mimba haikumbuki iliyoitangulia, na kila moja huja na nafasi zake upya.

Sasa tuingize udugu katika hesabu hii. Tuchukue babu mmoja aliye mbebaji wa jeni adimu. Kila mtoto wake ana nusu ya nafasi ya kuirithi, na kila mjukuu ana robo. Wajukuu wake wawili, watoto wa ndugu, wakioana, nafasi ya wote wawili kuwa wabebaji ni moja katika 16, na nafasi ya mtoto wao kuugua ni moja katika 64. Idadi hiyo ni ndogo. Lakini mtu wa mbali, asiye na damu ya babu huyo, nafasi ya kuwa na jeni adimu ile ile ni ndogo mara nyingi zaidi ya hapo. Tena, ukoo ukiendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe kizazi baada ya kizazi, hesabu ya 64 haibaki 64. Hushuka, na ile jeni iliyojificha huanza kukutana na mwenzake.

Hadithi ya ngamia

Hapa ndipo penye jeraha, ndugu zangu. Mtoto anapoanza kupinda vidole, ulimwengu wa wakubwa hutafuta wa kumlaumu, na jicho la kwanza humwangukia mama. Ataambiwa alikula kitu alichokatazwa akiwa mjamzito, au alimcheka kilema njiani, au kwao wana jini la ukoo, au ametenda dhambi aliyoificha. Mama mkwe atanong'ona, mawifi watajitenga, na mume atashauriwa aoe mwingine.

Imamu Bukhari na Imamu Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kisa cha mtu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka juu ya mkewe, kwa sababu amemzalia mtoto mweusi asiyefanana naye. Mtume hakumkaripia, wala hakumtuhumu mwanamke. Alimuuliza juu ya ngamia wake, rangi zao zikoje. Mtu yule akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama hakuna miongoni mwao mwenye rangi ya kijivu. Akasema yupo. Akamuuliza imetoka wapi rangi hiyo. Akajibu kwamba huenda ni asili ya mbali iliyomvuta. Mtume akamwelekeza kuwa basi na mtoto wake huenda amevutwa na asili ya mbali.

Tazama hekima iliyomo. Sifa inaweza kukaa kimya katika ukoo, isionekane kwa baba wala kwa mama, kisha ikajitokeza kwa mjukuu. Na kisa chote hiki kilikuja kwa ajili ya kumwondolea mwanamke tuhuma.

Katika maradhi tunayoyazungumzia ushahidi uko wazi zaidi. Mtoto haugui ila kwa nakala mbili, na moja kati ya hizo imetoka kwa baba, hapana njia nyingine ya kawaida. Basi mume anayemtaliki mkewe kwa sababu ya mtoto huyo amemhukumu mwenziwe kwa jambo ambalo yeye mwenyewe ana nusu yake. Na akienda kuoa binamu mwingine wa ukoo ule ule, amehama chumba, hajahama nyumba.

Sharia na ndoa za jamaa

Swali litakalofuata ni hili: je, tuseme ndoa ya binamu ni haramu? La, hasha. Suratun Nisaa (4), aya ya 23, imewataja wanawake walioharamishwa, na binamu hawamo. Aya inayofuata imehalalisha walio nje ya waliotajwa. Suratul Ahzab (33), aya ya 50, imewataja mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa khalati katika wale waliohalalishwa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimuoa Zaynab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake, na alimuozesha binti yake Fatuma kwa Ali, mtoto wa ami yake. Kilichohalalishwa na Mwenyezi Mungu hakuna wa kukiharamisha.

Lakini kuhalalishwa kwa jambo hakulifanyi kuwa faradhi. Wapo wazee wanaowalazimisha vijana waoane na watoto wa ndugu zao ili mali isitoke nje, au kwa sababu ahadi iliwekwa watoto wakiwa bado mikononi. Hao wanakifanya cha ruhusa kuwa cha lazima. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ambaye kitabu chake cha Minhaj kinasomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani kwa kuwa sisi wengi ni wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ameitaja miongoni mwa sifa zinazopendekezwa kwa mchumba kuwa asiwe jamaa wa karibu. Kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliitaja sifa hiyo hiyo katika Ihya.

Uaminifu wa elimu unatulazimisha tuongeze jambo. Maneno mashuhuri yanayohimiza kuoa mbali ili kizazi kisidhoofike, ambayo baadhi ya watu huyanasibisha na Mtume, hayana msingi wa kutegemewa kama Hadithi; mwanachuoni mkubwa wa elimu ya Hadithi, Ibn Salah, amelibainisha hilo. Tusimsingizie Mtume. Rai ya mafakihi inatosha kwa uzito wake.

Vile vile tusitishe watu kupita kiasi. Katika mji wa Bradford, Uingereza, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 11,000 na wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwa wazazi wasio na udugu, watoto waliozaliwa na kasoro za kimaumbile walikuwa kiasi cha 3 katika kila 100. Kwa wazazi walio binamu walikuwa kiasi cha 6. Maana yake hatari iliongezeka mara mbili, na maana yake pia watoto 94 katika kila 100 walisalimika na kasoro hizo. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba kwa akina mama Waingereza weupe waliozidi miaka 34, hatari nayo iliongezeka takriban mara mbili. Aliyeoa binamu na Mwenyezi Mungu akamruzuku watoto wazima, na amshukuru Mola wake. Anayetaka kuoa leo, na ukoo wake una mtoto aliyepinda viungo au watoto waliofariki kwa maradhi yanayofanana, huyo ndiye anayepaswa kusimama na kuuliza.

Kupima si kuikimbia kadari

Saudi Arabia, ambako zaidi ya nusu ya ndoa zilionekana kuwa za jamaa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995, iliweka sharti la vipimo kabla ya ndoa kuanzia mwaka 2004. Vilianza kwa selimundu na talasemia, maradhi mawili ya damu yanayorithiwa kwa njia ile ile ya nakala mbili. Wachumba hupewa majibu na ushauri, kisha uamuzi huachwa mikononi mwao. Baina ya mwaka 2004 na 2009 walipimwa watu zaidi ya milioni moja na nusu. Mwanzoni, katika wachumba walioonekana kuwa hatarini, kiasi cha 9 katika 100 ndio walioahirisha nia yao. Kufikia mwaka 2009 walikuwa zaidi ya nusu, na ndoa zenye hatari zilikuwa zimepungua kwa takriban asilimia 60. Abu Dhabi ilikwenda mbali zaidi mwezi wa Oktoba 2024, ilipoanza kuwataka raia wanaotaka kuoana wapimwe jeni 570 zinazohusishwa na maradhi zaidi ya 840.

Maradhi adimu kama haya ya mifupa hayakuwamo katika vipimo vya lazima vya Saudi Arabia. Kwayo njia ni nyingine: familia iliyokwisha kumpata mtoto mgonjwa, na jeni yake ikajulikana, inaweza kuwapima kaka zake, dada zake na binamu zake kwa jeni hiyo moja tu. Ndugu wa mgonjwa asiyeugua ana nafasi mbili katika tatu za kuwa mbebaji. Kwake kipimo hicho kabla ya kuchumbia ndani ya ukoo ni jambo la busara kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki lililo karibu zaidi ni selimundu. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto takriban 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na mlango wa urithi ni ule ule. Kipimo chake ni cha damu, si cha ajabu. Tunawapima wachumba dini, nasaba na tabia, tunauliza hata mahari kwa shilingi yake ya mwisho. Kwa nini tuone haya kuuliza la damu?

Wapo watakaosema: huku ni kukosa tawakkul, liandikwalo litakuwa. Tuwakumbushe safari ya Sayyidna Umar (R.A.) kwenda Sham. Alipopata habari kuwa huko kuna tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alijibu kwamba ndiyo, wanatoka kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kujua ni katika kadari, na kujihadhari ni katika kadari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini kupima kuna adabu yake. Majibu ni amana. Binti akionekana mbebaji, habari hiyo isitoke kwa mchumba na walii kwenda barazani. Mbebaji si mgonjwa, wala si aibu. Anaweza kuolewa na yeyote asiyebeba jeni hiyo, na watoto wao wasipatwe na maradhi hayo. Anayemtangaza amemvunjia sitara kwa jambo ambalo huenda hata mtangazaji analo la aina nyingine mwilini mwake asilolijua.

Aliyekwisha kuzaliwa

Tumalizie kwa huyu mtoto aliye mbele yetu, kwani hesabu zote hizo haziwezi kuirudisha mifupa yake. Hadi sasa hakuna tiba ya kuyaondoa maradhi haya. Zipo dawa za kupunguza maumivu, na zipo dawa za kuimarisha mifupa ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa ingawa haziyazuii maradhi kuendelea. Yapo mazoezi ya viungo yanayosimamiwa na wataalamu, ili viungo visikakamae mapema. Moyo na macho pia vinahitaji kuangaliwa.

Yapo pia ya kuepukwa. Mifupa hii ni myepesi. Kumkanda mtoto kwa nguvu, kumfunga vijiti ili vidole vinyooke, au kumvuta viungo kwa madai ya kuvirudisha mahali pake kunaweza kumvunja. Dua na ruqya ya Qur'ani ni kheri wala havimvunji mtu mfupa. Kuvutwa na kukandwa ndiko kunakovunja. Mtume (S.A.W.) amewaamrisha waja wajitibu, na ameijenga kanuni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Mtoto huyu apelekwe shule na chuoni. Tumekwisha kusema kwamba akili yake ni nzima. Mwalimu asimkaripie kwa hati mbaya wala kwa kuchelewa kuandika. Anaweza kujibu kwa mdomo, na anaweza kuhifadhi Qur'ani kama wenzake. Katika ibada dini imempa nafasi. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu, kama Mtume alivyomwelekeza Imran bin Huswayn (R.A.). Mikono isiyoshika kata, mwenziwe amsaidie kutawadha, na anayemtawadhisha ana thawabu. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, mwanadamu ameumbwa kwa viungo 360, na vina sadaka ya kutolewa. Ambaye viungo vyake vimesalimika, sadaka yake na iwe kumshika mkono ambaye vyake vimepinda.

Siku moja Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alipanda mti, upepo ukaifunua miguu yake, na baadhi ya masahaba wakacheka kwa wembamba wake. Mtume (S.A.W.) aliwaambia kwamba miguu hiyo ni mizito katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Hayo ndiyo aliyoyasema juu ya mifupa dhaifu ya mja mwema.

Basi ewe baba, ewe mama, msimfiche mtoto wenu chumbani wageni wanapobisha hodi. Na enyi majirani, mkibisha hodi muulizeni hali yeye kwanza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na atujaalie kuwa wenye kutafuta elimu kabla ya kutafuta wa kumlaumu. Wabillahi tawfiq.